Swichi ya Maombolezo

Nchi ninayotaka kuieleza haipo. Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi ugomvi na mtu, na kwa sababu ndugu zangu wengi bado wanaishi humo. Ni nchi nzuri, yenye amani ya kutumia na ya kuweka akiba, na kama wewe msomaji utaona pamefanana na mahali unapopajua, basi macho yako ndiyo yenye matatizo. Nenda kapimwe.

Katika nchi hiyo simu zote, za mkulima na za mkuu wa majeshi, zilipita katika seva moja. Seva ilikaa kwenye chumba cha baridi, ghorofa ya tatu, katika jengo la Mamlaka ya Sauti za Taifa, na aliyeitunza alikuwa mwanamke aitwaye Sikitu Mwinyipembe, fundi wa daraja la pili, aliyevaa sweta la buluu mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi. Sikitu hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na kazi yake, na alikuwa na dada yake mdogo, Mwajabu, aliyeolewa huko milimani Mlimahewa. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo kila jioni wawili hao walipigiana simu na kuulizana mambo yasiyo na maana: umepika nini, kumenyesha, mguu unaendeleaje. Mwaka huo Mwajabu alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kungoja miaka minane, na maswali ya jioni yakawa marefu kidogo.

Mafundi waliokuja kuisimika seva waliiacha na swichi kumi na mbili. Usifikirie swichi za ukutani. Hizi zilikuwa maneno tu yaliyoandikwa ndani ya seva, kila neno na tarakimu yake pembeni: moja, imewashwa, sifuri, imezimwa. Fundi akiandika mstari mmoja kwenye kompyuta yake, seva hubadili tabia papo hapo, bila kuzimwa wala kupumzishwa. Na kitabu cha maelekezo kilionya kwa wino mwekundu kwamba swichi hizi ni za wote. Ukiwasha, umewashia nchi nzima. Ukizima, umezimia nchi nzima. Huwezi kumtoa mtu mmoja pembeni ukamfanyia lake.

Serikali iliposoma maneno hayo ilifurahi sana. Ilikuwa imetafuta usawa kwa miaka mingi bila kuupata, kumbe ulikuwa ndani ya mashine.

Basi swichi zikaongezwa. Kila kiongozi mpya aliyeapishwa alipewa gari, nyumba na swichi. Mkuu wa Itifaki alipata swichi ya SHUKRANI: kabla simu yoyote haijaunganishwa, mama mmoja mwenye sauti ya furaha alimshukuru Mlezi Mkuu wa Taifa kwa sekunde arobaini, kwa hewa, kwa mvua na kwa simu yenyewe. Mwezi wa kwanza watu walinung'unika. Mwezi wa pili walitumia muda huo kutafuta kalamu. Ulipofika mwaka wa tatu hakukuwa na mtu aliyemsikia tena yule mama. Mtu alibonyeza namba, akaweka simu sikioni na kuwaza mambo yake mpaka upande wa pili useme haloo. Katibu Mkuu naye alipata swichi ya HESHIMA, iliyotanguliza simu za wakubwa mia nne kwenye foleni. Na waziri mmoja, ambaye mkewe aligombezwa kwa simu na fundi cherehani, alipata swichi ya UPOLE, iliyomkatia simu yeyote anayepaza sauti. Siku hiyohiyo walikatiwa watangazaji wa mpira, vikongwe wasiosikia vizuri na waziri mwenyewe akimfokea dereva. Swichi haikuzimwa, kwani kuzima ni kukubali kwamba mtu alikosea. Wananchi wakajifunza kugombana kwa kunong'ona, na wengi wanasema ndoa zimeimarika.

Swichi zilipofika sitini na moja, ikatungwa kanuni. Ilisema kwamba amri ya swichi hutolewa na Waziri wa Sauti na Usikivu mwenyewe kwa simu, na hufutwa na Waziri huyohuyo kwa simu. Ana kwa ana haikubaliki. Sababu ilikuwepo: siku moja bwana mmoja mwenye suti nzuri alipanda hadi ghorofa ya tatu, akasema yeye ni Waziri, na akawashiwa swichi tatu kabla haijagundulika kwamba alikuwa akitembeza mapazia. Tangu hapo serikali haikuamini tena nyuso.

*

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, shangazi wa Mlezi Mkuu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka tisini na saba. Saa tatu na nusu Waziri alipiga simu, na Mkurugenzi wa Mamlaka, mzee Gervas Ng'ondya, aliipokea akiwa amesimama.

"Taifa limepata pigo," Waziri alisema, "na taifa lenye pigo halipigi soga. Washeni MAOMBOLEZO. Atakayepiga simu asikie kwaya ya majonzi, na asiunganishwe na mtu, mpaka nitakapoagiza vinginevyo."

Mzee Ng'ondya aliiandika amri katika daftari kubwa, akaipiga muhuri, akampelekea Sikitu. Sikitu aliisoma mara mbili.

"Mkurugenzi, na Mheshimiwa atakapotaka kuifuta?"

"Atapiga simu."

"Kwa simu ipi, mzee wangu?"

Mzee Ng'ondya alimtazama kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Binti," alisema, "Waziri ameshalifikiria hilo."

Sikitu akaandika mstari wake. Kwenye kompyuta, sifuri ikawa moja, na nchi nzima ikaanza kusikia kwaya. Jioni alishika simu kwa mazoea ampigie Mwajabu, akasikiliza beti mbili, akairudisha mkobani.

Jumanne haikutokea kitu, na magazeti yaliandika hivyo. Jumatano, baada ya shangazi kuzikwa, Waziri alifika mwenyewe ghorofa ya tatu akihema, kwa sababu hakuna aliyeweza kupiga simu ili lifti itengenezwe.

"Mkurugenzi, mimi ni nani?"

"Wewe ni Waziri wa Sauti na Usikivu, Mheshimiwa."

"Basi nakuamuru uzime MAOMBOLEZO. Nina mambo."

"Mheshimiwa, nakuona vizuri sana," mzee Ng'ondya alisema kwa unyenyekevu. "Ila sijakusikia kwa simu."

"Kanuni hiyo niliitunga mimi."

"Na umeitunga vizuri, Mheshimiwa. Haina mwanya."

Wakajaribu. Waziri aliingia chumba cha pili, akapiga namba ya mezani kwa Mkurugenzi, akasikia kwaya. Aliisikiliza hadi mwisho akiwa amevua kofia, kwa kuwa aliyeongoza kwaya hiyo alikuwa mpwa wake na hakutaka kumvunja moyo. Alijaribu tena mara sita. Kupitia ukuta mwembamba walimsikia akiamuru kwa sauti kubwa, na kila mtu mle ndani alijua anaamuru nini, lakini simu ya mezani ilikaa kimya, na mzee Ng'ondya alikaa ameshika kalamu juu ya daftari, asiandike.

"Mheshimiwa," Sikitu alisema Waziri aliporudi, "naweza kuizima sasa hivi. Ni mstari mmoja."

Wote wawili walimgeukia kama mtu aliyetaja pilau mchana wa Ramadhani. Waziri ndiye aliyejibu, kwa upole. "Binti, serikali nyingi zimeangushwa na mstari mmoja." Kisha akawakusanya wafanyakazi ukumbini na kuwahutubia. Alisema serikali haijakwama, ila imesimama imara pale ilipo. Alisema ameunda kamati ya watu tisa kulishughulikia suala hili, na kwamba wajumbe wataarifiwa uteuzi wao kwa simu.

*

Alhamisi saa nne asubuhi, dereva wa lori la maziwa aliacha karatasi mapokezi. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule na kukunjwa mara nne, na ilitoka kwa Shomari, mume wa Mwajabu.

"Shemeji," iliandikwa, "Mwajabu ana uchungu tangu jana alfajiri. Mkunga anasema mtoto amelala kingamo, hawezi kutoka, lazima mama apelekwe hospitali ya wilaya akapasuliwe. Juu ya lori hawezi, ukimgusa tu anazimia. Nimekwenda kwa baiskeli kwenye kituo cha gari la wagonjwa. Gari lipo, mafuta yapo, dereva yupo. Wamesema gari haliondoki bila simu. Nikawaambia simu hazipiti. Wakasema wanajua. Wewe uko huko kwenye simu, fanya unaloweza. Ameanza kuniita kwa jina la baba yenu."

Sikitu alipofika kwenye mstari huo wa mwisho alikaa pale pale kwenye ngazi. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi na kumwekea karatasi mezani.

Mzee Ng'ondya aliisoma yote. Alilia. Alilia kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na watu waliomfahamu watakwambia hivyohivyo. "Pole sana, mwanangu," alisema. "Na mimi mama yangu alikufa kwa uzazi."

"Nifungulie, mzee. Dakika tano tu."

"Swichi haimjui dada yako. Nikikufungulia wewe, nimeifungulia nchi, na nchi iko msibani."

Sikitu alipiga magoti kwenye zulia. Hakuwa amewahi kumpigia mtu magoti tangu azaliwe, na aliona aibu, na hakujali. Mzee Ng'ondya naye aliona aibu, akageuza uso dirishani na kumwambia aandike maombi. Yakiwa mazuri atayapeleka mwenyewe kwenye kamati, ikishapatikana. Kisha alipangusa machozi, akavuta kibweta cha muhuri, akaendelea na kazi.

Sikitu alirudi chumba cha baridi na kufunga mlango.

Alijua jambo ambalo wakubwa hawakulijua. Kila baada ya dakika tano, kwa waya wake wenyewe usiohusiana na simu, seva ilipeleka wizarani taarifa ya swichi zote: ipi moja, ipi sifuri. Katikati ya taarifa mbili hakuna aliyetazama. Mtu akizima swichi mara tu taarifa moja inapotoka, na kuiwasha kabla ya taarifa inayofuata, wizara itaona moja na moja, na itaendelea kunywa chai. Alijipa dakika nne.

Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono. Wakubwa mia nne watatangulia kwenye foleni: dakika mbili na nusu, kama wote watapiga kwa pamoja, na watapiga. Kituo cha gari la wagonjwa kina fomu yenye maswali sita, na simu isiyojibu yote sita haihesabiwi kuwa simu: jina la mgonjwa, umri, kijiji, tatizo, jina la mpigaji, uhusiano wake na mgonjwa. Sekunde kumi kila swali, hiyo ni dakika moja. Ilibaki nusu dakika ya tahadhari. Hesabu ilitosha. Aliirudia mara tatu na mara zote tatu ilitosha. Akaiagiza seva iiwashe tena swichi yenyewe baada ya dakika nne, kwa sababu alijijua. Akimsikia mtu akilia upande wa pili, mkono wake hautaiwasha.

Taarifa ya saa tano na dakika tano ilitoka. Sikitu akaandika mstari mmoja. Moja ikawa sifuri.

Alishabonyeza namba ya kituo na simu iko sikioni aliposikia mlio wa kwanza ukitoka barabarani. Kisha wa pili, kisha haikuhesabika tena. Chini ya dirisha mama muuza vitumbua aliacha mafuta motoni, akashika simu kwa mikono miwili na kucheka huku machozi yakimtoka. Afisa wa trafiki alisimama katikati ya njia panda akiongea na mtu, magari yakimzunguka taratibu bila kupiga honi. Sikitu aliyaona hayo yote huku akingoja, akihesabu moyoni, na sikioni mwake foleni ilikuwa ikisogea, ikasogea, na baada ya kimya kirefu mtu akasema haloo.

"Kituo cha gari la wagonjwa. Lupembe anaongea."

"Bwana Lupembe, mgonjwa yuko Mlimahewa, mzazi, mtoto amelala kingamo—"

"Taratibu, dada yangu. Tunaanza na jina la mgonjwa."

"Mwajabu Mwinyipembe."

"Mwi-nyi-pe-mbe. Umri?"

"Thelathini na moja. Kijiji Mlimahewa. Tatizo ni uzazi, tafadhali, baba."

"Nitakuuliza, usinitangulie. Kijiji? Mlimahewa. Tatizo? Uzazi. Haya. Jina la mpigaji?"

"Sikitu," alisema, na kwaya ya majonzi ikaanza.

Aliitazama simu. Akaitupa mezani, akavuta kibodi aizime tena swichi, wizara ione, dunia ione, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mzee Ng'ondya aliingia akikimbia, daftari kubwa kifuani, uso unang'aa.

"Sikitu, Waziri amepiga. Amefuta amri. Kwa simu, kabisa, nimemsikia kwa masikio yangu." Kisha akasimama. Uso ulibadilika polepole. "Amepigaje?"

"Mzee, niache nimalize. Maswali mawili tu yamebaki."

Mzee akamshika mikono. Hakumwumiza. Alimwita mlinzi huku akimsihi atulie, kwamba amri imekwisha kuingia na simu zitafunguliwa leo leo, kwa utaratibu: itaandikwa, itapigwa muhuri, itasainiwa na watatu. Sikitu alipiga kelele mpaka ghorofa ya kwanza wakasikia. Walimshusha wakamfungia kwenye chumba cha walinzi na simu yake mfukoni.

Simu zilifunguliwa kwa utaratibu saa kumi jioni. Saa kumi na robo simu ya mfukoni ikaita.

"Shemeji," Shomari alisema. "Mwajabu ametutoka. Saa nane. Na mtoto."

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa Mahakama ya Utulivu, na ilisikilizwa kwa haki kubwa. Amri ya Waziri ilitamkwa kuwa halali, kwa sababu ilitolewa kwa simu. Simu yenyewe ilitamkwa kuwa haramu, kwa sababu ilipita wakati simu hazipiti. Mzee Ng'ondya alipandishwa cheo na kupewa onyo, kwa barua moja.

Mwendesha mashtaka aliletewa mazungumzo yote yaliyofanyika katika zile dakika nne, laki mbili na elfu kumi na moja, yatafutwe njama. Wiki sita maafisa walisikiliza. Mmekula? Nilidhani umekufa. Mbuzi amezaa. Niambie lolote, nisikie tu sauti. Hakuna hata mmoja aliyeitaja serikali, kwa wema wala kwa ubaya.

"Mheshimiwa Hakimu," mwendesha mashtaka alisema, "raia laki mbili walipewa dakika nne za kuongea watakacho, na wote kwa pamoja wakatusahau. Hili haliwezi kuwa jambo la bahati."

Bwana Exavery Lupembe wa kituo cha gari la wagonjwa aliitwa kutoa ushahidi. Alikuwa mtu safi, mwenye fomu zake kwenye bahasha. Alieleza kwamba alipokea simu saa tano na dakika nane, na ikakatika majibu yakiwa manne na nusu.

"Ukafanya nini?"

"Nilisubiri apige tena. Simu zilipokatika niliendelea kusubiri. Dereva aliwasha gari, nikamwambia alizime, ni mafuta ya umma. Nilisubiri mpaka saa kumi na mbili jioni, na saa yangu ya kutoka ni saa kumi."

Mahakama ilimshukuru kwa moyo huo. Sikitu alikaa kizimbani na sweta lake la buluu, akiangalia mikono yake. Tangu siku ile alikuwa akijiuliza jambo moja tu, usiku na mchana: hesabu yake ilikosea wapi. Alikwisha kuirudia mara elfu moja. Foleni ilikwenda kama alivyokadiria. Lupembe alikuwa mzito, lakini nusu dakika ya tahadhari ilikuwepo. Ilikuwa imetosha. Hakuelewa kwa nini haikutosha.

"Sasa," mwendesha mashtaka alisema, "tunaomba mahakama isikie simu ya mshtakiwa mwenyewe, yote, kuanzia mwanzo."

Kinasa sauti kikawashwa. Kwenye vipaza sauti ikasikika sauti ya mama mmoja mwenye furaha, ikimshukuru Mlezi Mkuu wa Taifa kwa hewa. Watu wote ukumbini wakainuka, hakimu akainuka, askari wakamwinua Sikitu. Mama akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa amani, kwa mazao, kwa barabara. Ilikuwa sauti ya wazi kabisa, na Sikitu, aliyekuwa fundi wa seva hiyo kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akiisikia kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilianza kuhesabu. Ishirini. Thelathini. Mama akashukuru kwa simu yenyewe. Arobaini.

Ndipo Lupembe aliposema haloo.

Waliomtazama wanasema hakulia. Alikaa chini kabla ya wengine na kushika ubao wa kizimba. Simu ikachezwa mpaka mwisho, mpaka "Sikitu" na kwaya, kisha hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu.

"Ninalo, Mheshimiwa." Sauti yake ilikuwa ndogo na karani akamwomba asogee. "Mnanishtaki kwamba nilizima swichi moja. Ni kweli. Ningeweza kuzima mbili, ilikuwa mistari miwili tu. Ya pili sikuikumbuka. Nilikuwa naisikia kila siku na sikuikumbuka. Dada yangu angekuwa hai, na mtoto wake."

Hakimu alishauriana na wazee wa baraza kwa muda mrefu, wakinong'ona. Aliporudi alisoma hukumu kwa sauti ya baba. Kwa swichi aliyoizima, miaka minne, mwaka mmoja kwa kila dakika. Lakini mahakama, alisema, haina moyo wa jiwe. Imezingatia kwamba mshtakiwa, hata katika saa yake ya giza, hata akiwa na kidole juu ya kibodi na hakuna anayemwona, hakuigusa swichi ya SHUKRANI. Huo ni uzalendo, na uzalendo una malipo yake. Kwa hiyo mahakama inampunguzia kifungo kwa siku arobaini, siku moja kwa kila sekunde.

Ukumbi ukapiga makofi. Kisha hakimu akamtaka Sikitu atoe shukrani, na watu wote wakanyamaza, wakamsubiri.